Kila Mtu Anapumua Ishirini

Niseme mapema usije ukanihurumia bure: kosa lilikuwa langu, na aliyelibeba ni binti wa miaka ishirini na mitatu.

Mawuena aliletwa wodi yetu ya wanawake hapa hospitali ya mji wa Ho akiwa ametoka chuo cha uuguzi juzijuzi, afanye miezi sita ya mafunzo ndipo apewe cheti cha kazi. Nikaambiwa nimwongoze, maana nina miaka kumi na tisa humu. Siku ya kwanza nikamkuta kando ya kitanda, saa mkononi, macho kwenye kifua cha mgonjwa. Anahesabu pumzi. Dakika nzima!

"We Mawuena, unahesabu pumzi au unamlinda asiibiwe?" nikamwambia, na wodi nzima ikacheka. "Wagonjwa thelathini na wawili hao. Utamaliza Krismasi?"

"Chuoni walisema dakika nzima, dada."

"Chuoni mlikuwa na mdoli mmoja na wanafunzi arobaini! Hapa pima joto, pima presha, pumzi andika ishirini. Kila mtu anapumua ishirini."

Sikubuni mimi. Nilirithi kwa walionitangulia, na chati zetu zimejaa ishirini juu hadi chini. Mawuena aliona haya, akaitia saa mfukoni. Baada ya wiki mbili alikuwa mwepesi kuliko wote, nami nikajigamba kwamba nimemnyoosha.

Mwezi wa tano wa mafunzo yake akalazwa Daavi Akuvi, muuza ugali wa akple sokoni, kafanyiwa upasuaji wa tumbo. Saa kumi na mbili asubuhi, ishirini. Saa nne, ishirini. Saa nane, ishirini. Saa tisa binti yake aliingia na supu, akatoka mbio.

"Jamani njooni! Mama hawezi hata kulimaliza jina langu!"

Daktari akahesabu mwenyewe: arobaini na moja. Mapafu yalikuwa yameshaingia nimonia. Alikaa siku nane chumba cha mahututi, akapona kwa huruma ya Mungu, si kwa yetu.

Kesho yake baada ya tukio lile, Madam Kpodo, mkuu wa wauguzi, alituita ofisini, chati ya Daavi Akuvi mkononi.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu, Madam," Mawuena akajibu.

"Ulihesabu?"

"Sikuhesabu."

"Nani alikufundisha upuuzi huu?"

Mawuena hakunitazama. Natamani angenitazama. Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, nikajifanya natafuta kalamu mkobani. Miaka kumi na tisa ya kazi, na nikalikimbia swali la maneno manne.

"Hakuna, Madam," akasema.

Akaamriwa aanze miezi sita upya, wakati wenzake wamebakiza wiki tatu wapate vyeti. Mimi? Madam alinipa pole kwa kusumbuliwa na vijana wa siku hizi, akaniomba nimfundishe tena. Nikasema ahsante. Naona aibu hata kuliandika neno hilo.

Jumatatu tukasimama kando ya kitanda cha kwanza.

"Itoe saa yako, mdogo wangu," nikamwambia. "Hesabu dakika nzima."

Akahesabu, midomo ikicheza, bila haraka. Alipomaliza akafungua kalamu, akanigeukia.

"Ishirini na sita, dada. Niandike hiyo, au ile ishirini yetu?"

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa anauliza kweli.