Msiba wa Mjomba Bernard

Elinipa alimuua mjomba wake siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa amesimama mbele ya meza ya bosi wake.

Alimuua kwa mdomo tu. Mara mbili alikuwa ameomba ruhusa ya Ijumaa, na mara mbili Mama Marselina, mkuu wa masjala katika ofisi yao ya serikali pale Kibaha, alimjibu kwamba wakaguzi wanakuja na hakuna mtu wa kutoka. Mara ya tatu Elinipa akajikuta akisema, “Nimefiwa, mama. Mjomba wangu Bernard, kule Same.” Mama Marselina akavua miwani, akamshika mkono, akamwambia aende na Mungu amtie nguvu.

Ukweli ni kwamba Ijumaa ile ilikuwa siku ya gulio la Kisarawe. Gulio lenyewe ni la mara moja kwa mwezi. Wakulima huleta mihogo, mananasi na korosho, na wenye kazi za mikono huleta mikeka, vinu na vyungu. Elinipa alikuwa akipika achari ya embe nyumbani kwake Misugusugu, na kwa miezi minane alikuwa akingoja meza ya kuuzia. Meza ilipatikana mwezi huu, na asiyetokea siku yake ya kwanza, meza yake hupewa mwingine.

Alimchagua Bernard kwa sababu alikuwa mzee, alikuwa mbali, na ofisini hakuna aliyemjua. Alipofika nyumbani, akifuta chupa za achari kwa kitambaa, ndipo alipotambua amemtaja nani. Bernard ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, baba yake alipofariki. Ndiye aliyemvusha mto mgongoni kila masika ili asikose shule. Kati ya ndugu wote, ulimi wake ulimwendea huyo.

Ijumaa asubuhi, kabla hata hajapanga chupa mezani, akampigia simu. Haikupatikana. Akapanga mstari mmoja, akapiga tena. Haikupatikana.

Jirani yake gulioni alikuwa bibi mmoja wa Kisarawe aitwaye Mwanne, aliyekuwa ametandika mikeka yake chini na kuketi juu ya mmojawapo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mgeni hapa?”

“Ndiyo, bibi. Natoka Misugusugu.”

“Karibu. Kaa basi, watu watakuja.”

Elinipa alikaa, akasimama. Watu walikuja kweli. Walionja achari kwa vijiti, wakalamba midomo, wakarudi na wenzao. Mwanamke mmoja alichukua chupa sita za kupeleka Dar. Ilikuwa siku aliyoiota tangu mwaka jana, na alikuwa haioni. Kila gari lenye namba za serikali likisimama barabarani alijificha nyuma ya mwavuli. Kila mteja akiondoka alishika simu. Alimpigia mjomba mara saba, mara nane. Akampigia na jirani wa mzee kule Same; huyo akasema yuko Moshi tangu Jumatatu, hajui habari za nyumbani.

Vipi kama neno lilimfika? Kwao walikuwa wakisema kifo hakitajwi bure, maana kinasikia kikiitwa. Alikuwa na cheti cha chuo na hakuamini mambo hayo. Akapiga mara ya tisa.

“Mwanangu,” Mwanne alisema bila kuacha kusuka, “unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Una mgonjwa?”

“Hapana, bibi. Nina mjomba simpati kwenye simu.”

“Anaumwa?”

“Haumwi.” Kisha, kwa kuwa bibi alikuwa hamjui na asingemwona tena mpaka mwezi ujao, akamwambia yote.

Mwanne alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. “Wenzio kazini wanajua unaishi wapi?”

“Wanajua ni Misugusugu.”

“Basi watakwenda kwako kuhani, hata wakijua umesafiri,” bibi akasema. “Watu wazima hawaachi mwenzao afiwe peke yake.”

Hilo Elinipa hakuwa amelifikiria hata kidogo. Nyumbani alikuwepo mumewe, Ponsiano, aliyejua kwamba mkewe amepewa ruhusa ya kwenda gulioni, basi. Akatafuta namba ya Mama Marselina, akabonyeza kabla ujasiri haujamtoka.

“Mama, samahani. Mjomba wangu hajafa. Nilisema uongo. Niko gulioni Kisarawe, nauza achari.”

Upande wa pili alisikia kuku, na sauti ya kiti kikisogezwa.

“Elinipa,” Mama Marselina alisema taratibu, “tuko kwako. Tumewaaga wakaguzi kwa saa moja, tuko watu watano. Mumeo ametutolea viti, na tumeshaanza kumpa pole. Alikuwa anatuuliza ni mjomba yupi.”

“Mama, nisamehe.”

“Jumatatu saa moja na nusu.” Simu ikakatwa.

Elinipa alikaa juu ya ndoo. Mwanne akamhudumia mteja wa achari kwa niaba yake, akiisifia kana kwamba ameipika yeye.

Saa tisa simu iliita. Alikuwa Mjomba Bernard, sauti ikiwa kavu na kubwa kama kawaida.

“Nimeshuka kutoka shamba la juu sasa hivi, kule hakuna mtandao. Nakuta ujumbe kwamba umenipigia mara tisa. Kuna nini?”

Angeweza kusema alitaka kumsalimu. Alifungua mdomo kusema hivyo, machozi yakamtangulia, na ukweli ukafuata.

“Ukaniua wewe mwenyewe?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Kwa ajili ya achari?”

“Ndiyo.”

“Nina miaka sabini na nane, Elinipa. Siku nitakapokufa kweli, utakwenda kumwambia nini huyo bosi wako? Atakuruhusu nani uje kunizika?” Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza. “Uje unione ningali nasema,” mzee akaongeza, akaaga.

Alirudi Misugusugu jua likikaribia kutua, ndoo zikiwa tupu. Ponsiano alikuwa ukumbini, na mezani palikuwa na kilo tano za sukari na doti ya kanga.

“Nimewarudishia, wamekataa,” alisema. “Mama yule kasema kilichotolewa msibani hakirudi.” Alimtazama mkewe. “Ungeniambia hata mimi.” Kisha akatoka kwenda kufunga banda la kuku.

Jumatatu saa moja na nusu Mama Marselina hakupaza sauti. Alimsukumia barua ya onyo, ukurasa mmoja, imepigwa muhuri.

“Soma, utie sahihi. Halafu ukaiweke kwenye jalada lako.”

Kutia barua majaladani ndiyo ilikuwa kazi ya Elinipa. Alilitoa jalada lake kabatini, akatoboa barua, akaiandika namba, akaifunga juu ya barua yake ya kuajiriwa. Akalirudisha mahali pake. Baada ya nusu saa alikwenda tena kabatini kuhakikisha kwamba namba aliiandika sawasawa. Kisha akachukua fomu ya likizo, akajaza “Same, kumwona mjomba”, na akasimama nayo mlangoni kwa Mama Marselina, hajui abishe hodi au angoje kesho.