Upungufu wa Salfa

Kwa muda mrefu Mwalimu Teodosia alikuwa akitembea mjini Nachingwea na siri tamu kifuani: kuna wingu la gesi angani lenye upungufu wa salfa, na aliyegundua ni yeye. Asubuhi alifundisha fizikia chuo cha ualimu. Alasiri alipima kwa rula michoro ya mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho lakini unaopenya vumbi la angani, iliyonaswa na darubini ndani ya ndege huko ng'ambo. Kila elementi huacha mstari wake mchoroni; ikiwa tele mstari hurefuka, ikiwa haba hufupika. Wa salfa ulikuwa kijistari cha kutia huruma. Profesa wake alikuwa amemwahidi: upungufu huo ukithibitika, nafasi ya kusomea shahada ya udaktari wa fizikia ni yake.

Julai ya 1984 alikwenda Marambo kumkagua Ladislaus, mwanachuo kutoka Rukwa aliyekuwa huko kwa mazoezi ya kufundisha. Kijana akamweleza kwa uso mzito kwamba kijiji kile kina wavulana wachache mno, labda kuna ugonjwa. Teodosia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wako jandoni, mwanangu. Wewe umehesabu waliobaki darasani."

Ghafla kicheko kikamkatikia mdomoni. Akaaga mapema, na Ladislaus akadhani amemuudhi.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Kile kijistari kilikuwa cha atomu za salfa zilizopoteza elektroni mbili tu. Nyota iliyolichoma lile wingu ilikuwa kali. Atomu nyingi ingezinyang'anya na elektroni ya tatu, na hizo huacha mstari wao mahali pengine kabisa. Mchoro wa mahali hapo alikuwa nao. Hakuwahi kuupima, kwa kuwa jibu la kwanza lilimpendeza mno. Sasa akaukunjua, na mstari ulikuwepo, mrefu, umesimama wima. Akajumlisha zote. Salfa ilikuwa ya kawaida tu.

Alilia, tena kwa sauti. Kisha akamwandikia profesa hesabu nzima, akaipeleka posta mwenyewe kabla moyo haujageuka.

Siku chache baadaye Ladislaus alikutana naye chuoni, akamwamkia kwa woga, akauliza utafiti wake wa angani umefikia wapi.

"Umekwisha. Kumbe kule hakuna kilichopungua."

"Hongera sana, Mwalimu," alisema kijana, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Teodosia alitaka kumsahihisha, akaacha. Kwa kazi ile yote, hongera nyingine isingekuja.