Komeo la Juu

"Hata jela wanafungua kwa zamu, wifi. Wewe umemfungia mama yangu kama mbuzi wa mnadani."

"Saa moja na nusu," Mama Pacha alijibu bila kuacha kumenya viazi. "Hii ni mara ya tatu nakwambia. Saa moja na nusu kwa siku. Saa zote nyingine mlango uko wazi na mimi niko naye."

"Jela ya saa moja na nusu ni jela."

"Basi njoo uwe askari hizo saa nyingine ishirini na mbili na nusu."

Kati yao, juu ya stuli, alisimama Baba Pacha na bisibisi mkononi. Alikuwa hajaanza kufungua skrubu wala hajakataa kuzifungua. Ndivyo alivyokuwa mume huyo. Fundi hodari wa friji, anayeweza kuisikia kompresa ikiugua kutoka chumba cha pili, lakini dada yake akipaza sauti anarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu.

Aliyekuwa akigombewa alikaa dirishani na kapu la foronya magotini. Alikuwa anakunja. Pembe kwa pembe, anapiga kwa kiganja, anaweka. Zilikuwa foronya kumi na mbili, na akizimaliza Mama Pacha huzichukua, huzivuruga jikoni na kumrudishia. Mama mkwe alishukuru kila mara kwa kuletewa kazi. Miaka thelathini na moja alikuwa dobi wa hospitali kubwa, na miaka ishirini ya mwisho alikuwa mkuu wa chumba chote cha mashuka. Wenzake walimwita Nyapara. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekwisha kumnyang'anya mume, wajukuu, na jina la mwanawe aliyesimama pale juu ya stuli. Unyapara haukuguswa.

Na Nyapara alikuwa na zamu. Zamu ya mchana huanza saa nane, kwa hiyo saa nane kasoro robo, mvua inyeshe jua liwake, huinuka, huvuta kanga begani na kwenda kazini. Saa nyingine zote alikuwa mtu wa kukaa. Hatari yake ilikuwa na saa yake, na Mama Pacha aliijua kama anavyojua saa ya basi la shule.

Hakuijua kwa kuambiwa. Mwaka jana, kabla ya komeo, alimfuata mara kumi na moja. Alibaki nyuma hatua kumi, na mfuko wa sokoni mkononi ili asionekane mpelelezi, akamwacha aende mpaka aone anakokwenda. Aliona kwamba mama mkwe akitoka getini hugeuka kushoto, daima kushoto, na mkono wake hutambaa kwenye ukuta. Ukuta ukiisha hufuata uzio, uzio ukiisha hufuata ukingo wa barabara, mpaka palipokuwa na mlango wa nyuma wa hospitali. Hospitali yenyewe ilivunjwa zamani, sasa ni yadi ya magari. Hapo husimama akashangaa, na baada ya hapo hajui tena pa kwenda. Mara ya kwanza kabisa, kabla Mama Pacha hajaanza kumfuata, alipotea kuanzia hapo. Walimpata kesho yake asubuhi, hana kiatu kimoja.

Kwa hiyo komeo. Liliwekwa juu kabisa ya mlango, ambako macho ya Nyapara hayapandi, likapakwa rangi ileile ya mlango. Saa saba na nusu linafungwa, saa tisa linafunguliwa. Mama mkwe huja, hushika kitasa, huvuta mara mbili, husema, "Bado hawajafungua," na kurudi kwenye foronya zake. Hakulia hata siku moja. Hakupiga mlango hata siku moja. Katika muda huo Mama Pacha alipika, alioga na kufua. Muda mwingine wote alikuwa kivuli cha mtu.

"Mimi nimesoma habari hizi," wifi aliendelea. "Wagonjwa kama mama wanahitaji uhuru na heshima. Hawafungiwi. Mtaalamu mmoja kaeleza vizuri kabisa, nikakutumia kwenye simu. Uliangalia?"

"Niliangalia mama yako akinya kwenye beseni la vyombo. Siku hiyo sikupata nafasi ya mtaalamu."

"Unaona, kaka? Unasikia anavyomsema mama?"

Wifi alikuja kila baada ya miezi miwili, na zabibu, na manukato, na simu yenye kamera nzuri. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mamake, na machozi yake alipoliona komeo lile yalikuwa machozi ya kweli. Ila mapenzi yake yalikuwa ya mgeni, na mgeni haogeshi mtu.

"Mama Pacha," mumewe alisema kutoka juu kule, kwa sauti ya kumwomba mtu apishe njia, "tulitoe tu kwa leo. Moyo wake utulie. Nitalirudisha."

"Leo saa ngapi?"

"Leo tu."

"Nimekuuliza saa ngapi. Saa hizi ni saba na robo."

Alijifanya hakusikia. Skrubu ya kwanza ililia, ya pili ikalia, na zote nne zikatoka. Wifi akaliweka komeo mezani, akalipiga picha, akaipeleka kwenye kundi la ukoo lenye watu arobaini na wawili. Chini yake akaandika: *Hili ndilo mama alilokuwa anafungiwa. Namshukuru Mungu nimefika.*

Hapo ndipo Mama Pacha alipokosea, na kosa hilo hakumtupia mtu. Alikuwa ameshajiambia atakaa mlangoni mwenyewe mpaka saa tisa, akiweka stuli palepale, wapende wasipende. Kisha simu yake ikaanza kutetemeka mfukoni. Shangazi wa mumewe, ambaye mara ya mwisho alikanyaga nyumba ile kwenye ubatizo wa mapacha, ameandika: *Damu ya mtu haitunzwi na mtu wa kuja.* Binamu ameweka uso unaolia. Mwingine ameuliza kama polisi wamejulishwa.

"Njooni jikoni tuyaongee," Baba Pacha alisema. "Tusimsumbue mama kwa kelele."

Wakaenda jikoni. Mama Pacha alisimama kwenye karo, kidole juu ya simu. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, safari hii kwa adabu, akafuta na hiyo. Miaka mitatu ya mashuka yenye mikojo, na kumbe alikuwa anatafuta neno la kumjibu shangazi wa mtu. Wifi naye alikuwa akisoma kwa sauti kila jibu lililoingia. Mama Pacha alipoinua macho, saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika tisa, na sebuleni hakuna kiganja kinachopiga foronya.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi kwa upana wa mtu mwembamba.

Baba Pacha alitoka mbio na kukata kulia. Kulia ndiko iliko njia ya nyumba yao ya zamani, walikokulia, na katika akili yake mama mtu hurudi kwa watoto wake. Mama Pacha alimwita mara moja. Hakugeuka.

"Kushoto," akamwambia wifi, aliyekuwa tayari na ufunguo wa gari. "Nisikilize. Wewe na gari utafika kabla yangu. Fuata ukuta, kisha uzio, kisha barabara kubwa hadi yadi ya magari. Ukimwona, usimwite kwa nyuma. Usimshike. Mpite, egesha mbele, rudi kwa miguu mkutane uso kwa uso kama watu wanaokutana kazini. Mwambie, shikamoo Nyapara, leo mashuka hayajaja, tumeambiwa turudi. Atarudi mwenyewe."

"Nimwite mama yangu Nyapara?"

"Ndiyo."

"Mimi mwanawe wa kumzaa?"

"Saa hizi hajakuzaa, wifi. Endesha gari."

Yeye alikwenda kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, ndala zikimpiga visigino. Muuza vocha wa kona alimwonyesha kwa kidevu bila kuulizwa: kapita huko. Fundi viatu naye vilevile. Wote hao alikuwa amewaonyesha picha ya mama mkwe na kuwaachia namba yake. Kabla hajafika mwisho wa uzio, simu ililia mara mbili, watu wawili tofauti wakimwambia mama yako yuko huku. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa yamepangwa, ilikuwa bado siku ya kawaida.

Alipofika barabara kubwa aliwaona wote wawili kwa pamoja. Mama mkwe alikuwa anatembea kwenye ukingo, mkono ukitafuta ukuta ambao haupo. Kushoto kwake watu wa maji walikuwa wamechimba mtaro tangu juzi, wenye kina cha kimo cha mtu. Gari la wifi lilikuwa limesimama nyuma yake, mlango wazi. Wifi alikuwa ameshuka na anakimbia kwa viatu vya kisigino, mikono ameitanua.

"Mama," alikuwa anaita. "Mama, ni mimi. Ni mwanao."

Ukimpenda mtu, unataka akujue. Wifi alitaka hilo tu, na alilitaka sana, mbele ya magari yote yale. Lakini Nyapara saa ile alikuwa na umri wa miaka thelathini, amechelewa zamu, na mwanamke wa miaka hamsini asiyemjua amemdaka mkono kwa nyuma akilia. Alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Alijinyofoa, akarudi nyuma hatua moja, na nyuma hapakuwa na kitu ila mtaro.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili. Paji la uso lilishonwa nyuzi sita. Kwenye zahanati alilia kwa sauti ndogo ya kushangaa, akiwauliza nani atasimamia mashine za kukamulia. Mama Pacha alimjibu kila mara kwamba mashine zimezimwa, fundi anakuja.

Baba Pacha alifika amelowa jasho, akakuta nesi anajaza karatasi.

"Imekuwaje?" nesi aliuliza.

"Alitoroka nyumbani," wifi alisema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Huwa anakaa na mke wa kaka. Mimi ndiye niliyemkuta barabarani."

Hapakuwa na uongo hapo. Kila neno lilikuwa kweli, maneno yalipangwa tu. Nesi, mwanamke wa makamo aliyeonekana kuchoka, alimgeukia Mama Pacha na kumtazama kutoka ndala zenye vumbi hadi kichwani.

"Wewe ndiye unayekaa naye?"

"Mimi."

"Sasa mama, mgonjwa wa hivi unamwacha na mlango wazi? Hawa wana saa zao za kutoka, hukujua? Mngeweka hata komeo dogo kule juu asikoangalia. Ni kitu cha nusu saa tu. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia?"

Mama Pacha aligeuka. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama bango la chanjo ukutani, analisoma kama barua ya kuitwa kazini. Alimtazama wifi. Wifi alikuwa anapangusa pua. Aliwapa muda. Hakutaka waseme mengi. Neno moja lingemtosha, hata "tuliliondoa sisi", hata "leo", hata kukohoa. Nesi alifungua kalamu, akaifunga, akaifungua. Ujumbe wa kundi la ukoo uliingia, simu tatu zikatetemeka kwa pamoja, na hakuna aliyeitoa yake.

Basi.

"Hapo kwenye mlezi wa mgonjwa," Mama Pacha alimwambia nesi, "usiandike mimi. Andika huyu, binti yake wa kumzaa." Akataja namba ya simu ya wifi kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu. "Anaondoka naye."

"Wifi, unasema nini?"

"Unaondoka na mama yako. Sasa hivi, kutoka hapa."

"Mama Pacha," mumewe alisema, "haya mambo si ya kuamua kwa hasira."

"Hasira ilikuwa saa saba na robo. Ungenisikiliza wakati ule."

"Lakini mimi ni mtu wa kazi," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilishuka. "Kesho asubuhi nina kikao. Naishi ghorofa ya tatu, kuna ngazi, kuna roshani. Nitamwacha na nani?"

"Na uhuru wake. Na heshima."

Ilimtoka kavu, na haikumburudisha. Alijua roshani ile ina ukuta wa kufika kiunoni tu. Alijua kwamba ndani ya wiki moja mama mkwe atakuwa amesahau hata foronya, kwa kuwa hakuna atakayekumbuka kuzivuruga na kumrudishia. Alijua haya yote vizuri kuliko mtu yeyote kwenye chumba kile. Alishika vipini vya kiti cha magurudumu na kukisukuma nje, mpaka kwenye gari.

Alimwinua kwa kumkumbatia kiunoni, kama siku zote, akamketisha mbele, akamfunga mkanda chini ya mkono uliofungwa plasta. Wifi aliingia upande wa usukani kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Alitoa simu, akasema, "Hebu niambie dawa zake, ninakurekodi."

"Za asubuhi mbili, ya jioni moja. Chai isiwe ya moto. Usimwulize kama anakukumbuka. Begi lake kaka yako ataleta."

Baba Pacha alikuwa amesimama kando, mikono inaning'inia. "Utamwacha aende hivihivi?" aliuliza.

"Unaweza kwenda naye. Kiti cha nyuma kiko wazi."

Hakusogea.

Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wa gauni la Mama Pacha kwa ule mkono wake mzima. Alishika kwa nguvu za mtu aliyekamua mashuka maisha yake yote. "Na wewe?" aliuliza. "Huingii?"

"Nakuja, Nyapara. Tangulia."

Alivifungua vidole vile kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Akafunga mlango wa gari, akaujaribu kama umefunga sawasawa, akapiga bati la juu mara mbili kwa kiganja. Gari likaondoka.