Kikapu Kilichokatwa Kitako

Ayoo alikata kitako cha kikapu cha marehemu mama yake kwa kisu cha jikoni, na machozi yakamlenga. Mama alikuwa amekibeba mgongoni miaka na miaka akichuma majani chai, tangu alipohamia Kericho kutoka upande wa ziwa akiwa msichana. Lakini Ayoo alikuwa mwalimu wa Biolojia karibu na Kiptere, na wanafunzi wake hawakuelewa jinsi vitu vinavyoingia na kutoka kwenye kiini cha seli. Kitabu kilikuwa na picha moja tu, duara lenye vitone. Sasa nani ataelewa vitone?

Rebeccah ndiye aliyemshikia kikapu akikata. Walifundisha shule moja, wakaishi nyumba moja ya walimu, wakala sufuria moja. Hata ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja, na aliutunza Rebeccah kwa sababu Ayoo alikuwa hodari wa kupoteza vitu.

Kikapu kikawa tundu la kiini, mlango ambao vitu huingilia na kutokea. Ayoo alifunga vipande vinane vya mwanzi kuzunguka ukingo, kisha akajaza katikati nyuzi nene za sweta kuukuu. Dengu zilipita zenyewe, kama vitu vidogo vipitavyo bila kuulizwa. Kiazi kilikaa juu ya nyuzi, kikakataa kushuka. Kiazi kilihitaji msindikizaji. Ayoo alichukua kigunzi cha mahindi, akakibandika mbegu chache za kishona nguo, zile zinazong'ang'ania sketi ukipita vichakani. Alizipunguza makali ili zishike uzi kidogo na kuuachilia, zishike mwingine na kuuachilia, mpaka kigunzi na kiazi vikapenya pamoja. Kiazi kilikuwa na msumari, na kigunzi kilikuwa na sumaku ndogo ya kukivuta. Chini ya kikapu, ndani ya kiini, kulikuwa na sumaku kubwa ya spika ya redio mbovu. Hiyo ilikivuta kigunzi kwa nguvu zaidi, sumaku ndogo ikabanduka kwenye msumari, na kiazi kikadondoka ndani.

"Ayoo wewe, hii ni moto!" Rebeccah alisema, akarudia kuingiza kiazi kama mtoto.

Kisha likaja tangazo. Walimu wangeonyesha vifaa walivyobuni katika ukumbi mmoja mjini, na atakayechaguliwa angezunguka kaunti nzima akifundisha walimu wenzake. Ayoo aliitaka kazi hiyo kuliko mume. Alisema hivyo waziwazi, wakacheka mpaka uji ukamwagika.

"Mambo ya majina niachie," Rebeccah akamwambia. "Hao watu wananijua. Nitatuandikisha sisi wote."

Siku yenyewe Rebeccah alibeba kikapu. Ayoo aliweka sumaku kubwa kwenye mfuko wa koti lake, mbali na ile ndogo, zisije zikang'ang'aniana njiani. Mlangoni askari alimpitisha Rebeccah, akanyoosha mkono mbele ya Ayoo.

"Pole madam. Wewe hatuna jina yako."

"Lazima wamekosea," Rebeccah alisema upesi, bila kumtazama. "Ngoja hapa kidogo, nitaongea na wao halafu nikuite."

Ayoo alingoja. Mvua ikaanza, ile ya Kericho isiyopiga hodi, naye akasogea chini ya dirisha kujikinga. Ndipo aliposikia sauti ya Rebeccah ndani, tamu na ya huzuni.

"Hiki kikapu ni cha marehemu mama yangu. Alichuma nacho majani mpaka mgongo ukapinda. Nilipokikata kitako, nililia."

Marehemu! Mama yake Rebeccah alikuwa Kapkatet, mzima wa afya, akiuza vitambaa dukani mwake. Jumapili iliyopita tu aliwapa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, akamlazimisha Ayoo aongeze kikombe cha pili. Wizi wa kazi angeweza kuueleza. Lakini mtu anaibaje mpaka machozi ya mwenzake?

Mara Rebeccah akatokea mlangoni, mbiombio. "Ayoo, ile sumaku! Kiazi imekataa kuachilia. Nipe haraka."

"Mimi naingia saa ngapi?"

"Baadaye. Nipe, wananingoja!"

"Naiingiza mwenyewe."

Askari akauliza, "Kwani huyu ni nani?"

Rebeccah akajibu, "Ni msaidizi wangu. Ananibebea vitu."

Ayoo alilimeza neno hilo na uchungu wake wote, akasindikizwa ndani.

Mbele ya waamuzi aliweka sumaku chini ya kikapu. Kigunzi kikavutwa, kiazi kikadondoka. Mwamuzi mkuu, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Madam Tecla, akainama kutazama.

"Na huyu msindikizaji, akishaacha mzigo ndani, anabaki?"

Rebeccah akamgeukia Ayoo.

"Habaki," Ayoo alisema. "Anarudi nje bila mzigo. Na tena, Madam, mama yake Mwalimu Rebeccah hajafa. Alitupa maziwa Jumapili. Aliyekufa ni wangu, na kikapu ni chake."

Madam Tecla alimtazama Rebeccah, akingoja akanushe hata neno moja. Rebeccah aliokota mkoba wake akatoka.

"Tuambie jina lako, Mwalimu," Madam Tecla akasema. "Halafu anza mwanzo."

Walimchagua Ayoo mchana uleule. Walimu wakampa mikono, wakampiga picha na kikapu, naye akatabasamu kwa sababu alitakiwa atabasamu. Furaha aliitafuta asiione. Ilikuwa habari ya kumkimbilia Rebeccah nayo, na ufunguo wa nyumba ulikuwa ndani ya mkoba ule aliotoka nao. Jioni alisimama na kikapu chake mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akabisha hodi.