Ndugu wa Mkandaji

Kila mgonjwa wa wodi ya waliopooza alikuwa ndugu yake. Huyu kaka, yule shangazi, yule wa dirishani mkwe. Mkandaji hakuwa na cheti, na askari wa mlangoni aliruhusu ndugu tu, tena saa ya kutazama wagonjwa. Basi alidanganya, akaingia na kichupa cha mafuta kwenye pochi, akakanda viungo vilivyolala huku ametega sikio asije akafumaniwa na wauguzi. Alikuwa amechoka. Uongo kwa mtu mzima, alimwambia mumewe, ni kama kiatu cha mtoto: unakilazimisha kiingie, halafu kinakuuma kutwa.

Ndiyo maana alikwenda baraza la tiba asili kuomba cheti. Kwenye benchi la korido alimkuta mzee mpiga chuku, anayeumika watu kwa pembe, naye akisubiri kuitwa. Mzee alimpisha upande wa ukutani apate kuegemeza mgongo.

“Dada, mgonjwa wao ni wa mpira,” alimnong'oneza. “Ukimkanda mpaka kesho, hasemi ahsante.”

Mkandaji alicheka, japo mgongo ulimuuma.

Ndani, muuguzi mkuu, mtahini wa baraza, alimwonyesha sanamu la mtu limelala mezani, akamwambia amhudumie kama anavyohudumia wagonjwa wake. Naye akafanya vivyo hivyo. Alisugua viganja mpaka vikapata joto, akamsalimu mgonjwa kwa sauti ya chini, akafumba macho. Mama mkwe wake ndivyo alivyomfundisha: macho hudanganywa na shuka, mikono haidanganyiki. Alianzia begani, akashuka taratibu. Mguu ulikuwa baridi kama mwili wote. Akaukanda.

“Fumbua macho, mama,” alisema muuguzi.

Shavu la mguu lilikuwa limepakwa rangi nyekundu. Ndiyo alama yao ya uvimbe wenye moto, damu iliyoganda ndani. Mguu wa namna hiyo haukandwi, maana damu ile yaweza kupanda ikaua. Mkandaji alilijua hilo siku nyingi.

“Mtu angekuwa wa moto,” alisema. “Huyu ni baridi mwili mzima.”

“Najua, mama. Lakini cheti siwezi kukupa kwa nilichokiona.”

Hakusema kwa ukali. Alichukua taulo akamfuta mafuta mikononi, kidole kwa kidole, kama amfutavyo mzazi wake. Akamwambia arudi mwakani, na siku hiyo atazame kwanza.

Jioni mkandaji alifika wodini akiburuta miguu. Askari alimsoma uso. Alimsogezea kiti chake mwenyewe, akamwacha apumue.

“Haya, mama. Ndugu wa leo ni yupi?”

“Yule mwalimu wa kitanda cha mwisho. Kaka yangu.”

“Ukoo wenu mkubwa,” alisema askari, akamfungulia mlango.

Mwalimu alimwona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mkandaji alisugua viganja. Akafunua shuka, akaitazama miguu yote miwili vizuri, mmoja baada ya mwingine. Kisha akafumba macho.