Wadakaji Wasiodaka

Lawrence alikuwa kocha mzuri mpaka alipompenda Lynette. Kabla ya hapo alijua kusema ukweli. Mimi mwenyewe aliwahi kuniambia mbele ya timu nzima, "Dorah, ukikimbia unafanana na mtu aliyebeba sufuria ya uji," akanitoa mbele na kuniweka nyuma niwe mrushaji. Sikununa. Alisema kweli, na mkono wangu wa kurusha ulikuwa mzuri.

Timu yetu iliitwa Majembe. Tulikuwa wanawake watupu, Wakenya na Waganda, wengi wetu wakaazi wa mtaa wa Rashidiya huku Uarabuni, na tulicheza futiboli ya Kimarekani ile isiyo na kuangushana. Kila mchezaji anavaa vitambaa kiunoni. Ukinyofolewa kitambaa ukiwa na mpira, umekamatwa; ukivuka nao mstari wa mwisho, umepata pointi. Kumkinga mwenzako kwa mwili kunaruhusiwa, kumvunja mbavu hapana. Lawrence, mkufunzi wa gym kule Silicon Oasis, alifundishwa mchezo huo na mteja wake mmoja Mmarekani, akatuhubiria mpaka tukaokoka.

Shida yetu ilikuwa wadakaji. Kazi ya mdakaji ni kutimka mbali, ukingoni mwa uwanja, kisha ageuke adake mpira. Lynette na Barbara waliimudu nusu ya kwanza ya kazi hiyo. Lynette, Mkenya aliyeuza manukato kwenye mall, alikuwa na mbio za kutisha. Ila mpira ukimfikia aliupokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota nepi ya mtoto wa jirani. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimechorwa maua, na nadhani aliziwazia kuliko mpira. Barbara, Mganda aliyekaa mapokezi kwenye kliniki, hakuwa na kucha. Yeye alifumba macho.

"Banange, Barbara, fungua macho!" Prossy, Mganda mwenzake, alikuwa akimpigia kelele.

"Nimefungua!" Barbara alijibu, amefumba.

Tukapigwa mechi ya kwanza, tukapigwa ya pili. Kila tukipigwa Lawrence alitafuta wa kumlaumu. Alilaumu upepo wa jangwani, akalaumu taa za uwanja, na vilipokwisha vya kulaumu akanijia mimi.

"Dorah, mpira wako unafika haraka mno."

"Lawrence, si ndiyo kazi ya mpira?"

Sababu tuliijua sote. Kila baada ya mazoezi alimbebea Lynette begi hadi kituoni. Mwanamume anayekubebea begi hawezi kukwambia kwamba mikono yako haifai kitu.

Siku moja baada ya mazoezi nilimkalisha kwenye kafeteria, nikamwagizia chai ya karak, nikamwambia wazi, "Lynette hadaki."

Akatazama nyuma kama mtu anayefuatwa na polisi. "Usiseme kwa sauti."

"Mtoe basi."

"Nitamwambiaje? Wiki hii tu amesema akiwa na mimi anajisikia mtu wa kutegemewa."

"Mtegemee kwa mambo mengine. Kwa mpira tutashuka daraja."

Alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kisha akaisogeza chupa ya ketchup, akaivuta na ya pilipili, akaziweka mbele yake moja huku, moja kule.

"Kuna wachezaji wanaitwa taitendi," alisema. "Wanasimama hapa, mwisho wa mstari, karibu na wakingaji. Kwanza wanakinga. Halafu wanachomoka hatua chache tu, wanageuka, unawapa mpira wa karibu. Hawahitaji mbio. Wanahitaji mwili na mikono isiyo na woga. Ketchup ni Prossy. Pilipili ni Sharifah."

"Na Lynette?"

"Lynette na Barbara wataendelea kukimbia mbali. Wakikimbia, walinzi wa wapinzani lazima wawafuate. Katikati panabaki wazi, taitendi wanakula."

Niliziangalia zile chupa. Hata mimi nisiyependa kumsifu niliona ni akili. "Kwa hiyo utamwambia hatutamrushia tena?"

"Nitamwambia tunahitaji mbio zake."

"Utamdanganya, yaani."

"Sitamdanganya. Sitamalizia sentensi, basi."

Prossy alikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye jengo moja la ghorofa nyingi, mwanamke mpana, mpole, asiyesogezeka. Sharifah alipakia viungo katika duka moja la Al Ras, na kwa kushinda akiinua magunia ya binzari na iliki, mikono yake ilikuwa imekaza kama kamba. Lawrence alipowatangazia kwamba kuanzia leo wao ni taitendi, Prossy aliitazama miguu yake.

"Kocha, mimi taiti sivai. Nimeokoka."

"Na mimi mume wangu hatakubali," Sharifah akasema, akivuta hijabu yake.

Ilichukua muda kuwaelewesha kwamba hakuna aliyewataka wavae chochote. Walipoelewa, hawakuhitaji kufundishwa zaidi. Prossy alisimama mbele ya mtu jinsi anavyosimama mlangoni kazini, mikono nyuma, kifua mbele, na kwa sauti yake ya kazi akasema, "Samahani madam, hapa wakaazi tu." Mtu akizunguka kulia, Prossy yuko kulia. Akizunguka kushoto, Prossy anamwomba kitambulisho. Sharifah naye hakudaka mpira kwa vidole. Aliukumbatia tumboni kama gunia lililoteleza kutoka rafuni, na akishaukumbatia huupati. Kufikia mwisho wa mazoezi mpira wote ulinukia iliki.

Tukaanza kushinda. Hatukushinda kwa madaha. Tulisogea kidogokidogo, kama foleni ya benki. Prossy anapewa, anasogea, ananyofolewa kitambaa. Sharifah anapewa, anasogea. Walinzi wa wapinzani nao wako mbali kabisa, wanahema nyuma ya Lynette, aliyekuwa akipaa huku ameinua mkono juu.

"Dorah! Niko wazi! Dorah!"

Nikipita karibu naye nilijifanya nafunga kamba za viatu. Lawrence ndiye aliyempokea. "Umewavuta watatu! Wanakuogopa, Lynette!" Na hilo lilikuwa kweli, sikatai. Yeye aliliamini mpaka akaliweka kwenye simu yake dunia nzima isome: *Wananiogopa.* Barbara akaongeza hapo chini picha ya moto.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka fainali. Wapinzani wetu walikuwa timu ya walimu, na nahodha wao aliitwa Atheer, mwalimu wa michezo, mrefu, mwenye macho ya kusahihisha mitihani. Nusu ya kwanza tuliwala kama kawaida. Nusu ya pili ilipoanza, Atheer alisimama mikono kiunoni akatutazama tukirusha mara kadhaa. Kisha akawaita wenzake, akawanyooshea kidole Lynette na Barbara, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Khalas," nilimsikia. "Hao waacheni."

Mpira ulipoanza Lynette alichomoka kama risasi, akapaa, akageuka, akainua mkono. Hakukuwa na mtu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Alifanana na mgeni aliyefika harusini akakuta ukumbi umefungwa. Walinzi wote walikuwa wamejazana katikati, wamewazunguka Prossy na Sharifah kama nyuki, na mimi sikuwa na pa kurusha. Nikanyofolewa kitambaa. Ikawa hivyo tena na tena. Walimu wakatufikia kwa pointi, wakatupita, na muda ukawa umebaki wa kurusha mara moja tu. Lawrence akaomba mapumziko.

Lynette alikuja akitembea polepole.

"Mbona hawanifuati?"

Prossy akatazama juu, kama kuna ndege inayotua. Sharifah akawa na kazi na hijabu yake.

"Mimi naona wametuheshimu," Barbara alisema.

"Lawrence," Lynette akasema. "Dorah alinirushia mpira mara ya mwisho lini?"

"Mpenzi, unajua, mbio zako ni..."

"Ni nini? Malizia."

Nilimwonea huruma, nakwambia. Jasho lilimtoka mtu ambaye hakuwa amekimbia hatua hata moja. Alizungusha filimbi yake kidoleni, ikamponyoka, akainama kuiokota, na alipoinuka alikuwa ameshaamua.

"Hudaki," alisema. "Sijaona mtu mwenye mbio kama zako. Lakini hudaki, Lynette. Nilishindwa kukwambia."

Lynette hakulia, na hakumpiga, ingawa Prossy alijisogeza katikati yao kwa mazoea. Alinigeukia mimi. "Nirushie."

Nikamrushia, taratibu, kama unavyomrushia mtoto. Mpira ukagonga kifua ukaanguka.

"Tena."

Ukaanguka tena. Akauokota, akamrushia Lawrence kwa nguvu zake zote. "Daka wewe!"

Mpira ulimpiga kocha wetu begani, ukaruka, ukamgonga Barbara, ambaye alikuwa amefumba macho.

Sharifah alicheka mpaka akachuchumaa. Hata Lynette mdomo ulimcheza, lakini akaukaza upesi, maana alikuwa bado amekasirika na hakutaka hasira ipotee bure. Akaangalia uwanja, akaangalia walimu waliokuwa wakinywa maji.

"Wale wanamwacha nani?" aliuliza. "Wananiacha mimi, au wanamwacha yeyote anayesimama pale pembeni?"

Akamnyooshea kidole Sharifah, aliyekuwa bado amechuchumaa.

"Sharifah akisimama pale kwangu, watahangaika naye?"

Lawrence akatikisa kichwa.

"Na mimi nisimame kwa Sharifah. Watakuja wote katikati, kama walivyozoea. Sitaguswa na mpira, kwa hiyo hakuna cha kuangusha."

"Utalazimika kukinga," Lawrence alisema. "Mbele yako atakuwa Atheer."

"Nimeuza manukato siku za punguzo la bei. Huyo Atheer ni nini?"

Tukarudi uwanjani. Sharifah alijikokota mpaka ukingoni kabisa akasimama kichwa chini, mkono kiunoni, kama mtu aliyepumzishwa. Lynette akajiingiza mwisho wa mstari, upande wa Prossy. Nilimwona Atheer akiwatazama watu wake. Hakuna aliyejali pembeni. Macho yao yote yalikuwa katikati, wameshajua mpira utakapokwenda.

"Yalla!" akawahimiza wenzake.

Nikapewa mpira. Upande mmoja Prossy alikuwa tayari anauliza watu wanakwenda kwa nani, ghorofa ya ngapi. Upande wa pili Atheer alinijia moja kwa moja, na Lynette akajiweka njiani. Atheer akaenda kulia, Lynette akaenda naye. Atheer akarudi kushoto, wakagongana mabega, nikasikia kitu kimekatika, *tak*, na Lynette akapiga ukelele, "Ukucha wangu!" Nilidhani ataacha. Badala yake akawa mkali zaidi. Alitanua mabega akamfuata yule mwalimu kama muuzaji anayefunga duka.

"Nunua au uondoke!" alimpigia kelele kwa Kiswahili. "Nunua au uondoke!"

Nikarusha. Mpira ulipopita juu ya vichwa vya walimu, mmoja wao aligeuka akapiga kelele kwa Kiarabu, lakini alikuwa mbali mno. Sharifah alikuwa peke yake na nyasi. Aliutazama mpira unavyokuja, akatandaza mikono, akaukumbatia tumboni. Kisha hakukimbia. Sharifah hajawahi kukimbia. Alitembea kwa haraka, kwa adabu, kama mtu anayewahi treni bila kutaka watu wajue kwamba anaiwahi, na mwalimu wa kwanza alipomfikia na kunyoosha mkono kwenye kitambaa, alikuwa ameshavuka mstari.

Tulipiga vigelegele mpaka watu wa uwanja wa pili wakasimamisha mechi yao. Sharifah aliuweka mpira chini taratibu akauliza, "Imekwisha? Naweza kunywa maji?"

Atheer alikuwa amemwangusha Lynette mwishoni kabisa, kwa bahati mbaya. Akampa mkono akamwinua. "Wewe ulikuwa unacheza kule mbali," alisema kwa Kiingereza, akishangaa.

"Nimehama," Lynette akamjibu.

Kwa Lawrence, ushindi haukumsaidia sana. Lynette alikoga, akavaa, akabeba begi lake mwenyewe. Kwenye metro tuliingia behewa la wanawake, na Lawrence akaachwa upande wa pili wa ule mstari wa waridi sakafuni ambao mwanamume akiuvuka anatozwa faini. Akasimama pale, ncha za viatu zikigusa ukingo, ameshika kishikio cha juu, na akaanza kuomba radhi kutokea mbali.

"Lynette, nilikosea."

Lynette alikuwa akitazama ukucha uliokatika.

"Niliogopa utaondoka kwenye timu. Utaondoka kwangu, yaani."

Wafilipino wawili waliokaa karibu waliacha kuongea. Hawakujua Kiswahili, lakini sauti ya mwanamume anayeomba radhi haihitaji mkalimani. Mmoja akajisogeza karibu na Lynette kidogo, kama wakili.

"Unajua kilichoniuma?" Lynette alisema hatimaye, bila kumtazama. "Si kwamba sidaki. Sidaki, ndiyo. Kilichoniuma ni kupunga mkono kule mbali kama mwendawazimu, na nyinyi wote mnajua. Ungeniambia mapema, ningejifunza kukinga mapema. Nimependa kukinga. Umeniona?"

"Nimekuona."

"Nilimzuia au sikumzuia?"

"Ulimzuia. Hata mimi nisingepita."

"Wewe ungepita wapi, hata mpira hudaki."

Prossy akaguna. Barbara, ambaye tulidhani amelala, alisema akiwa amefumba macho, "Msamehe basi, anaziba njia."

Treni ilisimama kituo kimoja, watu wakaingia, behewa la mchanganyiko likabanana mpaka Lawrence akawa amekunjwa kati ya mafundi wa ujenzi na mtu mwenye televisheni ndani ya boksi. Lynette alimwangalia anavyohangaika asisukumwe kuuvuka mstari. Akasonya. Akasimama, akavuka yeye, akasimama kando yake katika ule msongamano, akamtwisha begi.

"Lishike vizuri," alimwambia, "na usiniite mpenzi tena mbele ya timu."