Kilomita Mbili Alizozificha Fundi

Kamba yenyewe haikufika urefu wa mkono. Fundi aliishona kwa vipande vya sare za shule vilivyobaki mezani kwake, akavikunja mara mbili, akaweka kitanzi kila mwisho: kimoja cha mkono wake wa kushoto, kingine cha mkono wa kulia wa dada yake. Dada mtu alikuwa haoni. Kwa kamba ile ndogo, na kwa ulimi wa mdogo wake, alikuwa amekimbia barabara zote za mtaa wao kwa miaka minne bila kuanguka zaidi ya mara tatu, na zote tatu alizikumbuka kwa siku na mahali.

Alikuwa mtu wa kukumbuka. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika hospitali kubwa ya mji, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, na namba za wodi na ofisi zote, zaidi ya mia mbili, alikuwa nazo kichwani. Daktari mgeni akiuliza maabara ya pili ni namba ngapi, anajibiwa kabla hajafunga mdomo. Ndiyo maana wakamwita Mama Simu, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Macho yalipofuka akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya wiki tatu. Wakati ule nyumba nzima ilimdanganya kwa mapenzi. Mama yao alisema yatarudi, ni uchovu tu. Shangazi alisema yatarudi mvua zikikatika. Mvua zilikatika, zikanyesha tena. Mdogo wake alikuwa msichana wa miaka tisa, na siku daktari alipozungumza na mama yeye alikuwa amejibanza nyuma ya pazia. Jioni ile alipanda kitandani kwa dada yake akamnong'oneza: "Dada, hayarudi. Nimesikia mwenyewe."

Mama Simu alilia siku mbili. Siku ya tatu akauliza kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua ngapi. Toka hapo alipotaka kujua jambo lolote, la barua, la dawa, la rangi ya gauni, hakumuuliza mtu mwingine.

Basi walipojiandikisha kwa zile mbio kubwa za mji, kilomita arobaini na mbili na kipande, alitoa sharti moja tu. Walikuwa wamekaa jikoni, anajaribu viatu vipya.

"Mdogo wangu, kibao cha kilomita mimi sikioni. Watu wa pembeni wote watasema bado kidogo, hata tukiwa ndiyo kwanza tunatoka. Hao siwasikilizi. Nitasikiliza wewe. Kila kibao unitajie kama kilivyo. Kikiwa kibaya, kitaje kibaya."

"Dada, lini nimekudanganya?"

"Hujawahi. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Kule kwenye duka la ushonaji habari zilienea haraka, maana Fundi mwenyewe ndiye aliyezieneza. Mwenye duka alimcheka akiwa na pini mdomoni.

"Wewe na mbio? Wewe unalikosa basi ukiwa umesimama kituoni."

"Nicheke tu. Nitakuja na nishani shingoni, nitaivaa wiki nzima hapa hapa."

"Na mkiokotwa na Upawa?"

Upawa ndivyo wakimbiaji walivyoliita basi jeupe linalotembea nyuma ya watu wote. Saa sita zikitimia tangu mbio zianze, barabara hufunguliwa magari, na basi lile huteka waliobaki kama upawa unavyoteka masalia ya chungu.

"Hatuokotwi," Fundi alisema. Wenzake wote wa cherehani walimsikia.

Siku ilipofika walisimama mwisho kabisa wa umati, kwa sababu mtu asiyeona haanzii katikati ya viwiko. Palinuka dawa ya kuchua misuli na jasho la woga. Wakaomba kimyakimya, kila mmoja kwa moyo wake. Mlio ulipopigwa kule mbele hakuna aliyesogea. Walingoja, wakasogea hatua mbili, wakangoja tena. Kandokando yao alikuwepo mzee mmoja mwenye bandeji gotini, aliyepeleka barua miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alijitambulisha kwa jina la Posta.

"Nimetembea mji huu wote kwa miguu," alisema. "Leo nataka niutembee bila mkoba."

"Na mbwa je?" aliuliza Mama Simu.

"Wale walionijua wameshakufa, mama. Hawa wapya sina kesi nao."

Mama Simu alicheka, na kicheko hicho ndicho walichoanzia.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Fundi alikuwa akisema bila kukoma: tuta, kona ya kulia, vikombe chini, inua miguu, kilomita ya tisa, kuna bwana mbele yetu amevaa suti na tai sijui anakwenda kuoa. Posta walimpita, akawapita, wakampita tena. Kila kibao Fundi alikitaja, na kila akikitaja dada yake aliitikia "haya," kama mtu anayepokea simu na kuiunganisha.

Kilomita ya thelathini ikawa nyingine. Jua lilikuwa limeshika. Mama Simu alianza kuweka mguu chini kama mtu anayepima kina cha maji. Wakatembea kidogo, wakakimbia kidogo, wakatembea zaidi. Penye kibao cha thelathini na sita palikuwa na saa kubwa juu ya barabara, yenye tarakimu nyekundu, na Fundi aliinua macho akaisoma. Saa tano na dakika kumi zilikuwa zimepita tangu mbio zianze. Alipiga hesabu kama anavyopiga ya kitambaa, haraka, bila kuandika. Kwa mwendo ule wangefika dakika nne baada ya saa sita. Aligeuka nyuma. Mbali, kwenye mteremko, aliona paa jeupe la basi.

Akilini alimwona mwenye duka na pini zake mdomoni. Akamwona dada yake akipandishwa ngazi za basi kwa kushikwa viwiko, yeye ambaye hakupenda kushikwa. Yote mawili aliyaona kwa pamoja, na baadaye hakuweza kusema lipi lilimsukuma zaidi. Kuhusu hilo alimwomba Mungu amwonyeshe, na naona mpaka leo anaomba.

"Ngapi?" aliuliza Mama Simu.

"Thelathini na nane," alisema Fundi.

Uso wa dada yake ukafunguka. "Thelathini na nane? Nilidhani bado. Kumbe miguu ndiyo inayodanganya." Akavuta pumzi. "Nne tu, basi. Nne ninazo. Twende, mdogo wangu, nisikuangushe."

Akakimbia. Alichokuwa amekiweka akiba kwa kilomita sita alikitoa kwa nne, chote, kama mtu anayemimina mtungi akijua kisima kiko mlangoni. Fundi alilazimika kurefusha hatua. Penye thelathini na saba alisema thelathini na tisa. Penye thelathini na nane alisema arobaini. Paa jeupe halikuonekana tena. Akajiambia moyoni kwamba wakikaribia mwisho atazirudisha polepole zile mbili, atasema kilomita za mwisho huwa ndefu, na watacheka wote wakiwa na nishani. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini mtu akiwa ndani yake huiona barabara kuu.

Penye meza ya maji mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye kiti, jagi mkononi.

"Jikazeni, wanangu, mmebakisha tatu tu."

Mama Simu alikuwa ameshapita hatua mbili. Akasimama. Kamba ikakaza.

"Samahani, mama. Nyuma yako pana kibao?"

"Kipo. Nimekaa chini yake tangu asubuhi, kimeniegemea mgongoni."

"Kimeandikwa ngapi?"

"Thelathini na tisa."

Watu waliwapita. Mama Simu alinyoosha mkono, akapewa kikombe, akanywa chote, akakirudisha mikononi mwa yule mama badala ya kukitupa. Kisha akageuza uso kwa mdogo wake.

"Ile uliyosema thelathini na nane. Ilikuwa ngapi?"

"Dada, basi lilikuwa nyuma yetu, nikaona—"

"Ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Haya," alisema Mama Simu.

Alijaribu kuinua mguu, na msuli wa paja ukamkamata. Akakaa ukingoni mwa barabara. Fundi alipiga magoti kumchua, naye akamwacha amchue, hakumsukuma. Ila mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye kitanzi, ukakivua, ukaiweka kamba taratibu kwenye goti la mdogo wake. Ni kama mtu anayerudisha sindano ya kuazima.

"Wewe siku ile ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Watu wazima wote waliogopa. Wewe hukuogopa."

Fundi aliendelea kumchua paja.

Hatua nzito zikasikika, moja ndefu na moja fupi. Mama Simu aliinua kichwa.

"Posta?"

"Ndimi, mama. Goti limestaafu kwa mara ya pili."

"Unakwenda mpaka mwisho?"

"Mungu akipenda. Lakini kwa kutembea."

"Naomba bega lako. Na vibao unisomee."

Mzee alimtazama Fundi, akaitazama kamba gotini kwake, asiulize. Aliyepeleka barua miaka thelathini anazijua nyuso zilizotoka kupokea habari. Akainamisha bega.

Fundi alitembea nyuma yao kilomita tatu zote, hatua kumi nyuma, kamba imemning'inia mkononi. Alimsikia mzee akitaja: arobaini, mama. Arobaini na moja. Alimsikia dada yake akiitikia "haya". Walipopita chini ya lango la mwisho saa kubwa ilisoma saa sita na dakika kumi na moja. Walivishwa nishani. Hakuna aliyewaokota.

Fundi alimfuata kijana wa kike mwenye fulana ya waandaaji, akamuuliza imekuwaje basi lisiwaokote.

"Saa hizo za juu zinahesabu tangu wale wa mbele kabisa walipoanza," alisema binti. "Nyinyi wa nyuma mlivuka mstari dakika ishirini baadaye. Basi linamhesabia mtu wa mwisho kuvuka. Mlikuwa na muda, mama. Hata kama mngetembea."

Hata kama wangetembea. Maneno hayo Fundi alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Nishani hakuivaa dukani. Mwenye duka alipouliza, alimjibu iko kabatini, na kwa mara ya kwanza mwenye duka hakutia mzaha.

Alimwomba dada yake msamaha siku ya tatu, jikoni, kwenye viti vile vile. Mama Simu alimshika mkono.

"Nimeshasamehe. Niliomba nisamehe, nikasamehe. Usijitese."

Na ilikuwa kweli. Hakununa, hakumsema kwa watu, alimwita mdogo wangu kama zamani. Kama angenuna ingekuwa nafuu, maana anayenuna ipo siku hucheka. Lakini wiki ile ile barua ilikuja kutoka hospitali kuhusu zamu, Fundi akamsomea. Mama Simu akashukuru. Jioni, Fundi akianika nguo, alimsikia dada yake kwa jirani, upande wa pili wa ukuta.

"Samahani, mama, naomba unisomee hii. Tarehe ni ngapi?"

Ilikuwa barua ile ile. Fundi alibaki ameshika shati lililolowa mpaka maji yakamteremka kwenye kiwiko. Toka hapo akawa anaona. Chupa ya dawa ilisomwa nyumbani, ikasomwa tena kazini. Rangi ya gauni iliulizwa kwake, ikaulizwa kwa mpishi wa hospitali. Dada yake hakuficha wala hakuonyesha. Alikuwa tu kama mtu mwenye saa iliyowahi kusimama, haitupi, anaivaa, lakini akipita penye saa nyingine huhakikisha.

Mwaka uliofuata Mama Simu alijiandikisha tena. Alikimbia na Posta, ambaye goti lilikuwa limepata daktari. Kamba walitumia ile ile. Aliiomba kwa Fundi kwa upole, naye aliifua, akaikazia mishono, akampa.

Siku ya mbio Fundi aliamka mapema akaenda kusimama chini ya kibao cha thelathini na sita. Saa nyekundu ilikuwa pale pale. Alisimama juani akiwatazama wakija na miguu yao mizito, hadi alipoiona bandeji ya mzee, na pembeni yake kichwa kilichoinuliwa kidogo, kinachosikiliza.

"Thelathini na sita, Dada," aliita. "Mmebakisha sita na kipande. Sita kamili na kipande."

Mama Simu aligeuza sikio. Aliijua sauti, akatabasamu, akainua mkono wenye kitanzi. Kisha akainama kidogo kwa mzee, na Fundi, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwao, alisikia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," alisema Posta.

"Haya."

Wakapita. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama mlango umefungwa.

Fundi hakuondoka. Wengine walikuwa bado wanakuja, na mmoja, mwanamke mnene mwenye uso umewiva kwa jua, alijishikiza kwenye nguzo ya kibao akihema.

"Mama, niambie mbili tu zimebaki. Nidanganye, Mungu atakulipa."

Fundi alimpa maji.

"Sita," alisema. "Na kipande. Pumzika kwanza, muda unao."